Saa ya Jenereta: Kisa cha Kuhesabu Radi katika Idara ya Fizikia, Bukavu

Mwaka 2016 ilichapishwa orodha ya mahali panapopigwa radi nyingi zaidi duniani. Ilitokana na vipimo vya setilaiti ya TRMM (ya kuchunguza mvua za ukanda wa joto) vya kuanzia 1998 hadi 2013. Ziwa Maracaibo la Venezuela liliongoza, kwa radi zipatazo 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Nafasi ya pili, kwa radi 205, ilikwenda mahali palipoandikwa jina la Kabare, Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo. Kwetu Bukavu wingi wa radi haukuwa habari. Kabare ndiyo iliyouzunguka mji, na ni shida kupata familia isiyojua ng'ombe au jirani aliyeuawa na radi. Tunajua pia kwa nini zinakuja: hewa yenye unyevu inatoka kwenye msitu wa bonde la Kongo, inakutana na milima ya Mitumba, inasukumwa juu na kujenga mawingu marefu. Kilichokuwa kipya ni namba.

Namba hiyo iliingia katika idara ya fizikia ya chuo kimoja cha hapa mjini na ikawa mradi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitaka kuithibitisha kutoka ardhini, asistenti, yaani mhadhiri msaidizi, akakubali kumwongoza, profesa akatia saini. Mimi nilipewa kazi ya kuwa msomaji wa pili wa memuari yake, yaani tasnifu ya kumaliza masomo. Ninaandika kisa hiki kwa sababu naamini kinaonyesha namna idara maskini inavyoweza kufanya utafiti wa kweli, na kwa sababu mtu aliyeuokoa utafiti huo hajatajwa panapostahili.

Chombo chenyewe kilikuwa rahisi. Radi inapopiga inatoa mawimbi ya redio ya masafa ya chini, yenye nguvu zaidi karibu na kilohezi 10, yaani mitetemo elfu kumi kwa sekunde. Ndiyo yale makwaruzo tunayoyasikia redioni mvua ikikaribia. Mwanafunzi alizungusha waya wa shaba kwenye fremu ya mbao, akaunganisha kikuzaji kidogo cha kielektroniki, akapeleka waya kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Kadi ya sauti ya kompyuta ya kawaida inachukua sampuli 48,000 kwa sekunde, na hiyo inatosha kusoma mawimbi hadi kilohezi 24. Antena iliwekwa juu ya paa la maabara. Kompyuta ilikula umeme wa betri ya sola, ili isiguswe na umeme wa mji ambao kelele zake zinajulikana. Uamuzi huo wa betri ulikuwa mzuri, na msomaji aukumbuke, maana ndio uliowapa wote utulivu uliopitiliza.

Programu ya kuhesabu aliiandika mwenyewe. Kila mruko wa mawimbi uliopita kizingiti fulani ulihesabiwa kuwa radi. Lakini radi moja mara nyingi ina mapigo kadhaa yanayofuatana kwa vipande vya sekunde, na hakutaka kuhesabu radi moja mara tatu au nne. Kwa hiyo aliiamuru programu, kila ikihesabu, izibe masikio kwa sekunde moja kabla ya kusikiliza tena. Ni utaratibu wa kawaida katika kazi za namna hii.

Baada ya miezi ya kurekodi, grafu ilitoka nzuri mno. Mchana namba zilipanda na kushuka kufuatana na mvua. Jioni, baada ya jua kutua, zilipaa kama ukuta, zikakaa juu kwa saa kadhaa, zikaanguka. Profesa alifurahi, na ninamwelewa. Hapa palikuwa na jambo la kuchapisha: dhoruba za jioni za Kivu, zimepimwa na waya wa shaba na kompyuta iliyochakaa. Kulikuwa na swali moja tu dogo. Kilima kile cha jioni kilibaki hata kiangazi, Juni hadi Agosti, wakati Bukavu ni vumbi tupu. Profesa alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la mtu anayejua fizikia. Mawimbi ya masafa haya yanasafiri maelfu ya kilomita kati ya ardhi na ionosfera, ile tabaka ya juu ya hewa inayorudisha mawimbi ya redio, na miezi hiyo mvua zimehamia kaskazini ya ikweta. Antena yetu, alisema, inasikia dhoruba za huko.

Nasisitiza ubora wa jibu hilo. Lingekuwa la hovyo, kisa kingeisha mapema.

Idara ile ina kikao kila Alhamisi alasiri. Hakina jina la fahari, hakina bajeti zaidi ya chai na mandazi ambavyo walimu wanavilipia kwa zamu. Mtu anakuja na kazi yake ikiwa bado mbichi, anaieleza kwa Kifaransa au Kiswahili au vyote viwili, halafu anaulizwa. Kina desturi mbili tu zinazoshikwa kwa ukali. Ya kwanza: swali la kwanza ni la mwanafunzi wa mwaka wa chini kabisa aliyepo, na profesa hasemi neno mpaka wanafunzi wamalize. Ya pili: viti vinapangwa duara. Chumbani hamna jukwaa, na mlango unabaki wazi. Wanaopita huingia.

Mtunza maabara hakuwa akialikwa. Alikuwepo kwa sababu ndiye mwenye ufunguo, ndiye anayebeba projekta, na ndiye anayebaki kufunga. Ni mtu mzima, watu wote humwita Papa, profesa pia. Siku ile ya grafu alikuwa amekaa karibu na mlango.

Swali la kwanza aliuliza msichana wa mwaka wa pili. Alitaka kujua kwa nini ukuta wa jioni unaanza karibu saa ileile kila siku. Mvua, alisema, haina saa ya mkononi. Asistenti alianza kueleza kuhusu mzunguko wa joto la mchana, na hapo Papa akainua mkono. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia:

"Munisamehe Prof. Iyo saa ni saa yenye miye nawashaka groupe. Siku ya Mungu siwashake. Muangalie siku ya Mungu."

Groupe ni jenereta. Jioni umeme wa mji unalegea, na chumba cha kompyuta kina masomo ya usiku, kwa hiyo jenereta ya petroli iliyoko nyuma ya jengo inawashwa siku zote za kazi. Mwanafunzi alitenganisha Jumapili na siku nyingine palepale mbele yetu. Jumapili hazikuwa na ukuta. Hakuna hata moja.

Kikao kilikaa kimya kidogo, kisha profesa akasema jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa tendo kubwa la siku ile kuliko hata maneno ya Papa. Alisema: "Papa, uko na tarehe?" Papa alikuwa nazo. Kwa kuwa petroli ni fedha na fedha inaulizwa, alikuwa na daftari la jenereta: siku, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, lita zilizoingia. Kurasa za miezi yote ya mradi zilikuwa pale kwenye kabati, mita chache kutoka kwenye kompyuta iliyokuwa ikirekodi. Karatasi na kompyuta hazikuwahi kukutana.

Wiki iliyofuata walifanya kazi iliyostahili kufanywa. Mwanafunzi alikuwa amehifadhi kwenye fleshi rekodi ghafi za jioni chache. Nyingine zilifutwa kwa sababu diski ilijaa. Alipozipanua kwenye skrini, miruko ilionekana imepangana kwa nafasi sawa: milisekunde 20, 20, 20, bila kuchoka. Radi haiji hivyo. Radi inakuja ovyo, na hata mapigo ndani ya radi moja hayalingani nafasi. Lakini injini ndogo ya petroli inayozalisha umeme wa hezi 50 inazunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde, na katika injini nyingi za aina hiyo buji, yaani plagi ya kuwashia petroli, inatoa cheche kila mzunguko mmoja. Mara 50 kwa sekunde ni cheche moja kila milisekunde 20. Ile antena ilikuwa ikiisikiliza buji.

Sasa uchambuzi wenyewe. Kwa nini kosa la wazi namna hii lilijificha kwa miezi?

Kwanza, chombo cha kusafisha data ndicho kilichofuta alama ya mhalifu. Zile cheche 50 kwa sekunde, zikipita kwenye programu iliyoamriwa kuziba masikio kwa sekunde moja, zinatoka zikiwa hesabu moja kwa sekunde. Nafasi ya milisekunde 20, ambayo ingemfichua mwizi mbele ya mtu yeyote, ilikatwa kabla grafu haijachorwa. Kilichobaki ni dalili moja hafifu: programu ya namna hiyo haiwezi kuhesabu zaidi ya 3,600 kwa saa, na ukuta wa jioni ulikuwa umekwama karibu na dari hiyo, kichwa chake kikiwa tambarare. Dhoruba halisi ina mabonde na vilele. Nilipoiona grafu ile ikiwa imechapishwa kwa mistari minene ya rangi, utambarare wake ulisomeka kama nguvu. Kwa maoni yangu kila grafu ya hesabu inapaswa kuchorwa pamoja na mstari wa juu kabisa ambao chombo kinaweza kufikia. Ni mstari mmoja tu wa nukta, na ungemaliza kesi siku ya kwanza.

Pili, matokeo yalifanana na tulichotaka. Orodha ya 2016 ilitupa nafasi ya pili duniani, na grafu ikatupa jioni zenye radi zisizohesabika. Hata namba kubwa haikushtua, kwa kuwa dunia nzima inakadiriwa kupata radi zipatazo 44 kwa sekunde, na antena ya masafa haya inasikia mbali. Kila kitu kilikuwa na maelezo.

Tatu, betri ya sola. Kwa kuwa kompyuta haikuunganishwa na umeme wa mji wala wa jenereta, watu waliamini kelele za umeme zimekwisha. Lakini cheche haihitaji waya kuifikia antena. Cheche ni kituo kidogo cha redio, na paa la maabara lilikuwa karibu nayo sana.

Kuna kosa la pili ambalo halikuhusiana na jenereta, na lingebaki hata kama jengo lingekuwa na umeme safi wa saa 24. Alilifichua yule yule msichana wa mwaka wa pili, Alhamisi iliyofuata, kwa swali la maneno mawili: eneo gani? Namba 205 ni radi kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Ili kuipata lazima ujue umezihesabu ndani ya eneo gani. Setilaiti inajua, kwa sababu inatazama chini na inaona kipande cha ardhi kinachojulikana. Udhaifu wake ni mwingine, kwamba kila inapopita inapatazama mahali pamoja kwa muda usiofika dakika mbili, na ndiyo maana ilihitaji miaka mingi. Antena moja ya duara haijui radi imepiga Kabare, Kisangani au kaskazini ya ikweta. Radi dhaifu ya karibu na radi kali ya mbali zinaingia kwa sauti moja. Ule mtandao wa dunia nzima wa kutafuta mahali pa radi, unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, unadai angalau vituo vitano viisikie radi moja ndipo uithibitishe mahali pake, kwa kulinganisha saa za kufika kwa mawimbi. Kwa hiyo kuthibitisha namba ya Kabare kwa chombo kimoja halikuwa jambo gumu tu, halikuwezekana. Swali hili lilipaswa kuulizwa wakati pendekezo la mradi linatiwa saini, na siku ile ya saini hakuna mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeketi mezani.

Asiwepo atakayedhani kwamba aibu hii ni ya vyuo visivyo na fedha. Darubini ya redio ya Parkes, Australia, yenye sahani ya mita 64, kwa miaka mingi ilinasa miruko ya ajabu iliyofanana kwa kiasi fulani na ishara za kutoka anga za mbali. Mwaka 2015 ilithibitika kuwa inatoka kwenye tanuri la maikrowevu la pale pale kituoni, watu wakifungua mlango wake kabla halijamaliza. Kinyume chake kipo pia. Mwaka 1964, New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuta kelele isiyokwisha kwenye antena yao. Walifukuza njiwa, wakasafisha kinyesi chao, wakakagua viungo vyote, na kelele ikabaki. Ilikuwa mabaki ya joto la ulimwengu wa mwanzo, na iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Wale wa Parkes na wale wa New Jersey walifanya kazi ileile ya kuuliza kila kilicho karibu kabla ya kusema juu ya kilicho mbali. Huwezi kuifanya kazi hiyo kama anayejua kilicho karibu hana kiti.

Hapo ndipo naona uzito wa kisa. Idara nyingi ninazozifahamu zina semina. Katika hizo, anayewasilisha anasimama, wakubwa wanakaa mbele, swali la kwanza ni la profesa, na baada ya profesa kusifu hakuna anayethubutu kupinga. Tufikirie grafu ile ingepitia semina ya aina hiyo. Profesa angeeleza mvua za kaskazini, vichwa vingetikiswa, makala ingeandikwa. Wasomaji wa jarida, walioko mbali, wangekagua hesabu, na hesabu ilikuwa sahihi. Hakuna mhakiki wa makala ambaye angejua saa ya kuwasha jenereta ya Bukavu. Papa alikuwa mtu pekee duniani mwenye data hiyo, na alikuwa chumbani kwa sababu ya projekta. Sioni sababu ya kuliacha jambo kama hilo kwa bahati. Tangu wakati ule mtunza maabara anaalikwa kwa jina, na nakala ya daftari la jenereta inabandikwa kila wiki kwenye daftari la vipimo.

Lipo jambo jingine linaloniuma. Mradi ulianza pia na ombi la mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja ya vilimani, yenye paa la mabati na miti mirefu uani, ambaye alitaka kujua afanye nini mvua ikija. Wazazi wengine walikuwa wakimwambia ni radi ya kutumwa, watu wakaanza kutazamana vibaya. Aliambiwa asubiri matokeo. Matokeo gani? Alichohitaji hakikutegemea hesabu yetu hata kidogo: watoto waingie ndani, wasijikinge chini ya mti; wahesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, na zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, kwa kuwa sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde; wasitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho; paa lipate paratoneri, yaani kinga ya radi, yenye waya mnene wa shaba hadi ardhini, iwekwe na fundi anayejua. Na tungeweza kumweleza kwa nini ng'ombe wanne wanaanguka pamoja bila mtu kuwaroga: radi ikipiga karibu, umeme unasambaa ardhini, na mnyama ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali anaupitisha mwilini. Maelezo hayo yangeweza kupunguza shutuma kijijini kuliko grafu yoyote. Mwanafunzi na asistenti walikwenda hatimaye, wakakaa na wazazi alasiri nzima. Waliporudi walisema maswali ya wazazi yalikuwa makali kuliko ya jopo.

Memuari ilitetewa. Kichwa kilibadilishwa: haikuwa tena kupima wingi wa radi za Kabare, ilikuwa kutambua vyanzo vya kelele katika antena moja ya mjini. Mjumbe mmoja wa jopo aliona huko ni kushuka. Nilimpinga na bado ninampinga. Sura ya tatu, ile inayoonyesha grafu ya kwanza jinsi ilivyokuwa, kisha rekodi ghafi, kisha grafu baada ya kuondoa saa za jenereta, ni sura bora ya memuari niliyosoma katika idara ile. Kilichobaki baada ya kuondoa ni kidogo na cha kweli: makwaruzo yanaongezeka alasiri, yanaongezeka msimu wa mvua, yanapungua kiangazi. Mwanafunzi hakudai zaidi. Antena ya pili sasa iko kilimani, mbali na injini yoyote, na kizibo cha sekunde moja kinawekwa baada ya kuhifadhi rekodi ghafi, si kabla.

Limebaki suala la majina. Ripoti fupi ya kazi hii imeandaliwa, na rasimu ya kwanza ilimweka Papa kwenye shukrani, mstari mmoja, pamoja na waliotoa betri. Profesa mwenyewe aliutoa mstari huo akamweka kati ya waandishi, wa tatu. Ofisi ya kitivo ikairudisha, kwa kuwa fomu inadai shahada ya kila mwandishi na Papa hana ya kuandika. Wenzangu wawili wanasema sheria ni sheria na shukrani zinatosha. Mimi nasema mwandishi ni yule ambaye bila mchango wake hitimisho lingekuwa jingine. Kwa kipimo hicho Papa anastahili kuliko mimi niliyesahihisha aya, na fomu ndiyo inayopaswa kubadilika. Baraza la idara litalijadili mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na kura yangu nimekwisha kuisema.